Tuzo Aliyoikataa Vyjayanthimala

Mwaka 1957 jarida la filamu la Filmfare la Bombay lilitangaza washindi wake. Devdas, picha iliyoongozwa na Bimal Roy, ilinyakua tuzo tatu za uigizaji: Dilip Kumar mwigizaji bora wa kiume, Motilal mwigizaji msaidizi bora wa kiume, na Vyjayanthimala mwigizaji msaidizi bora wa kike. Vyjayanthimala akaikataa yake. Hoja aliyoitoa ilikuwa fupi: Chandramukhi aliyemwigiza ana uzito sawa na Paro aliyeigizwa na Suchitra Sen, picha ina mastaringi wawili wa kike, na yeye si msaidizi wa mtu. Hadi leo anatajwa kuwa mtu wa kwanza kukataa tuzo ya Filmfare.

Kisa hiki husimuliwa kama kituko cha nyota mwenye maringo. Mimi nakiona vingine. Ukikifuata kuanzia riwaya, ukapitia namna waigizaji walivyopatikana, ukafika kwenye yaliyomtokea miaka miwili baadaye, unamwona binti wa miaka ishirini na kitu aliyelielewa soko lake vizuri sana. Alijua jina la "msaidizi" likishakuganda halibanduki kwa urahisi. Hoja yake ina tundu, tena si dogo, lakini tutalifikia.

Chandramukhi ni nani

Riwaya ya Devdas ya Sarat Chandra Chattopadhyay ilichapishwa kwa Kibengali mwaka 1917. Wapenzi wa picha za Kihindi wanaijua hadithi hata kama hawajaisoma. Devdas ni mtoto wa mwenye ardhi, Paro ni binti wa jirani, wamekua pamoja. Nyumba ya kijana inaikataa ndoa kwa sababu ya ukoo na mali, naye anashindwa kusimama na neno lake. Paro anaozwa kwa mzee mjane mwenye watoto wakubwa. Devdas anakimbilia Calcutta na kuzama kwenye pombe. Huko rafiki yake Chunnilal anampeleka kwa Chandramukhi, tawaif, yaani mwanamke anayeishi kwa kuimba na kucheza mbele ya wanaume wenye fedha. Devdas anamdharau waziwazi, anamtupia fedha na kuondoka. Dharau hiyo ndiyo inayomwamsha Chandramukhi: wanaume wote waliopanda ngazi zake walimjia na tamaa, huyu mmoja kaja na karaha.

Sasa tazama nani anabadilika katika hadithi hii. Devdas anateremka tu, kutoka chupa moja hadi nyingine. Paro anaolewa, anaitunza nyumba ya mumewe, anabaki na kidonda chake. Chandramukhi peke yake ndiye anayegeuza maisha yake kwa uamuzi wake mwenyewe: anaacha kazi, anavua mapambo, anahamia kijijini, kisha anarudi Calcutta kumtafuta mtu ambaye hakumwahidi chochote, anamkuta barabarani akiwa amelewa hajijui, anambeba na kumuuguza. Mwandishi yeyote wa mchezo wa kuigiza akipewa wahusika hawa watatu atakuambia safari ndefu kuliko zote ni ya nani.

Na bado Devdas anakwenda kufia mlangoni kwa Paro.

Nafasi iliyokosa mtu

Bimal Roy alikuwa na historia yake na hadithi hii. Katika Devdas ya P.C. Barua ya miaka ya 1930, ile iliyomfanya K.L. Saigal, mwigizaji na mwimbaji, awe sauti ya ulevi na huzuni kwa India nzima, Roy ndiye aliyeshika kamera. Alipoitengeneza upya mwaka 1955 aliitabaruku kwa Barua na Saigal. Dilip Kumar alikuwa chaguo lisilo na mjadala. Kazi ilikuwa kwa wanawake.

Inasimuliwa kwamba Roy alimtaka Meena Kumari kwa Paro na Nargis kwa Chandramukhi. Meena Kumari hakupatikana, Paro akaenda kwa Suchitra Sen, malkia wa filamu za Kibengali ambaye hii ilikuwa picha yake ya kwanza ya Kihindi. Nargis alimkataa Chandramukhi kwa sababu alimtaka Paro. Wakafuatwa Bina Rai na Suraiya, nao inasemekana jibu lao lilikuwa lilelile. Muda ukawa unakwenda na wasambazaji wanasubiri picha yao. Vyjayanthimala akasema yuko tayari. Nabendu Ghosh, aliyeandika skripti, hakumwona kuwa anafaa, ila hapakuwa na mwingine.

Hapa napenda tusimame kidogo, maana wengi wanaosimulia kisa cha tuzo hurukia mwaka 1957 bila kuangalia huku nyuma. Mastaa watatu walimkataa Chandramukhi kabla hata kamera haijawashwa. Sidhani kama walikuwa wamepima dakika za kuonekana wala urefu wa mazungumzo. Walijua tu kwamba kwenye picha ya Kihindi ya wakati ule mwanamke wa nyumbani ndiye staringi, na mwanamke wa kucheza ni pambo la njiani, hata akipewa nyimbo tamu namna gani. Bei ya nafasi ile ilishapangwa. Waliopiga kura ya tuzo waliikuta hivyo wakaigonga mhuri.

Miguu iliyotangulia uso

Kwa nini yeye alikubali? Jibu jepesi ni kwamba alikuwa mgeni mwenye haja ya nafasi nzito. Alitoka Madras, katika familia ya Kitamil ya Kibrahmin, tabaka la juu la Wahindu. Mama yake, Vasundhara Devi, alikuwa mwigizaji. Bibi yake, Yadugiri Devi, ndiye aliyemlea. Alifundishwa bharatanatyam, ngoma ya jadi ya India Kusini, na Vazhuvoor Ramiah Pillai, mmoja wa walimu wakubwa wa sanaa hiyo, na mwaka 1940, akiwa mtoto mdogo kabisa, alicheza Vatican mbele ya Papa Pius XII. Akaingia filamu kwa Vazhkai ya Kitamil mwaka 1949, kampuni ya AVM ikaitengeneza upya kwa Kihindi kama Bahar mwaka 1951, naye akajifunza Kihindi ili aweze kusema mwenyewe.

Kisha ikaja Nagin, mwaka 1954. Hata ambaye hajawahi kuiona picha ile ameisikia sauti yake, ule mlio wa zumari la mcheza nyoka katika "Man Dole Mera Tan Dole". (Zumari lenyewe halikuwapo. Ule mlio ulipigwa na Kalyanji kwa klaviolini, kinanda cha umeme.) Nagin iliingiza fedha nyingi sana, na ikamfunga Vyjayanthimala kwenye umaarufu wa aina moja: miguu. Watu walikwenda kutazama njuga zake. Pwani yetu, ambako picha za Kihindi zilijaza kumbi za Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa na midundo yake ikaingia hadi kwenye taarab, tunajua vizuri namna ukumbi unavyochangamka wimbo ukianza na unavyorudia kutafuna karanga wimbo ukiisha. Mchezaji hodari anaweza kuwa kipenzi cha ukumbi mzima na bado asiaminiwe hata kidogo kama mwigizaji.

Kwa hiyo Chandramukhi kwake ilikuwa bahati nasibu. Kama angeshindwa, wangesema si mnaona, ni miguu tu. Kama angeweza, hapo tena wasingekuwa na la kusema kuhusu miguu.

Kuna jambo jingine chini yake. Bharatanatyam aliyojifunza ilitokana na devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, ambao kufikia zama za Waingereza jamii yenye heshima zake iliwaweka kundi moja na makahaba. Mwaka 1936 Rukmini Devi Arundale alianzisha shule ya sanaa ya Kalakshetra huko Madras na mabinti wa Kibrahmin wakaanza kuicheza jukwaani kama sanaa tukufu. Mwaka 1947 serikali ya Madras ikapiga marufuku kwa sheria desturi ya kuwaweka wakfu devadasi. Ngoma ikasafishwa, na wanawake walioibeba kwa karne nyingi wakaachwa nje. Vyjayanthimala ni zao la usafishaji huo. Binti kama yeye kuvaa njuga za tawaif na kusema hadharani kwamba mwanamke huyu ni sawa na Paro, hilo ni zaidi ya mzozo wa jina kwenye bango. Siwezi kudai kwamba yeye alilipanga hivyo kichwani. Ila ndivyo lilivyosomeka.

Njia ya vumbi

Bimal Roy alimtumia kinyume na matarajio. Ngoma zipo, lakini zimebanwa, na uzito umewekwa usoni. "Jise Tu Qubool Kar Le", wimbo wa S.D. Burman kwa maneno ya Sahir Ludhianvi, sauti ya Lata Mangeshkar, ni wimbo wa mwanamke anayeuliza atajipamba vipi ili akubalike kwa mtu asiyemtaka. Anayetazama kwa makini ataona kadiri picha inavyosonga ndivyo njuga zinavyopungua na macho yanavyoongezeka kazi.

Lakini ushahidi mzito kuliko wote ni tukio dogo la barabarani. Katika riwaya Paro na Chandramukhi hawakutani kamwe. Roy akawapitisha njia moja. Paro amebebwa kwenye machela, mke wa tajiri, na wapagazi wake. Chandramukhi anakuja kwa miguu, nguo za kawaida, anamtafuta Devdas kijijini kwao. Wanapishana. Mmoja anamtazama mwenzake, mwenzake anarudisha macho, hakuna anayejua yule ni nani, na hakuna neno linalosemwa. Machela inakwenda huku, mtembea kwa miguu anakwenda kule.

Mwongozaji hapangi picha ya namna hiyo kwa ajili ya staringi na msaidizi wake. Tukio lile linasimama kwa sababu wanawake wawili wamepewa kipimo kimoja: aliyepakiwa juu na anayekanyaga vumbi, wote wamempoteza mtu yuleyule. Ukimtoa mmoja, au ukimfanya mmoja awe mdogo, linakufa papo hapo. Mimi nikiulizwa Vyjayanthimala alikuwa na hoja gani mwaka 1957, ningemwekea mtu dakika ile na kunyamaza.

Sanduku la wasaidizi

Sasa tuiangalie tuzo yenyewe. Filmfare walianza kuzigawa mwaka 1954, zikiitwa The Clares kwa heshima ya Clare Mendonça, mhakiki wa filamu wa Times of India. Mwaka wa kwanza vipengele vilikuwa vitano tu. Waigizaji wasaidizi waliongezwa mwaka uliofuata: kwa wanawake alianza Usha Kiran kwa Baadbaan, akafuata Nirupa Roy kwa Munimji. Katika Munimji Nirupa Roy aliigiza mama wa Dev Anand, ilhali Dev Anand alimzidi umri kwa miaka kadhaa. Na baada ya hapo, nani asiyejua? Nirupa Roy akawa mama wa sinema ya Kihindi kwa miongo mitatu, mama katika picha ya Deewaar, mama wa machozi na hekalu. Alikuwa mwigizaji mzuri, simbezi hata kidogo. Ila mlango ule aliingia akiwa kijana na hakurudi tena upande wa pili.

Kipengele kilikuwa na miaka mitatu tu, na mfano wa kile kinachompata mwanamke akikaa humo ulikuwa mbichi. Vyjayanthimala hakuwa na tuzo nyingine yoyote ya Filmfare wakati ule. Yake ya kwanza ndiyo ingemtambulisha kwa watayarishaji, na ingemtambulisha kama msaidizi.

Angalia pia nani aliwekwa naye kwenye sanduku hilohilo kutoka picha hiyohiyo. Motilal aliigiza Chunnilal, rafiki wa chupa, mtu wa kuchekesha na kuongoza njia ya kwenda kwa wachezaji. Ni kazi safi sana, na msaidizi ndiyo daraja lake haswa: ukimwondoa, Devdas angempata mlevi mwingine wa kumwonesha njia. Kusema Chandramukhi na Chunnilal wana uzito mmoja ndani ya hadithi ni kutokuitazama picha.

Sasa lile tundu. Hoja ya "mastaringi wawili sawa" inategemea kupima kwa uzito, na tuzo haikuwa na mizani hiyo. Kwa muundo wa hadithi Paro ndiye anayeifungua na ndiye anayeifunga. Chandramukhi anaingia wakati mambo yameshaharibika, na sehemu ya mwisho, safari ya treni na lango la Paro, hayumo. Mtu akisema kwamba mhusika anayechelewa kuja na kuwahi kuondoka ni msaidizi, hasemi upuuzi. Halafu kuna hili: Paro mwenyewe hakupata kitu. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule ilikwenda kwa Nutan kwa Seema. Kwa hiyo anayemtetea Filmfare anaweza kuuliza, huyu binti analilia usawa na nani, na aliyetoka mikono mitupu?

Jibu langu ni kwamba alikuwa analilia mstari wa kusimama, kikombe hakikumhusu. Angekosa pamoja na Suchitra Sen, wangekosa wakiwa mastaringi wawili. Kupewa peke yake, kwa jina la msaidizi, kulimshusha ngazi mbele ya mwenzake ambaye hakushindana naye. Lawama yenyewe naiweka kwenye muundo wa tuzo: ulikuwa na nafasi moja ya mwanamke mkuu kwa kila picha, na picha hii ilikuwa na wawili.

Yaliyofuata

Kama alikuwa anacheza kamari, alishinda haraka. Mwaka 1958 alitoka na Madhumati, tena na Bimal Roy na Dilip Kumar, akiigiza mwanamke mmoja katika nafsi tatu. Mwaka huohuo akatoka na Sadhna ya B.R. Chopra. Filmfare ya 1959 ikamteua kwa zote mbili, akawa anashindana na nafsi yake, na akashinda kwa Sadhna. Mwigizaji bora wa kike, bila neno la pili.

Na Sadhna ni nini? Ni hadithi ya mwalimu wa chuo ambaye mama yake anaugua na anataka kumwona mkwe kabla hajafa. Anakodiwa mwanamke ajifanye mke. Mwanamke huyo ni tawaif. Yuleyule wa kucheza kwa fedha, yuleyule anayetamani nyumba na kuvua mapambo. Safari hii hakukuwa na Paro mlangoni, basi watoa tuzo hawakuona taabu kumwita mkuu. Kwangu hiki ndicho kipande cha ushahidi kinachokaribia kufunga mjadala: mtu yule, kazi ya aina ileile, jarida lilelile, na kilichobadilika ni kutokuwapo kwa mke wa heshima pembeni yake.

Akaongeza Gunga Jumna ya 1961, ambamo yeye Mtamil alisema lahaja ya Awadhi kama mzaliwa, kisha Sangam ya 1964. Tuzo tatu za mwigizaji bora. Ngoma hakuiacha hata siku moja, na baada ya kuondoka kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa ndiyo kazi yake, ukiacha miaka yake ya ubunge.

Chandramukhi naye akaendelea kuzaliwa. Mwaka 2002 Sanjay Leela Bhansali alimpa Madhuri Dixit nafasi hiyo, mchezaji mwingine aliyepanda kwa miguu kabla watu hawajamkubali kwa uso. Bhansali hakuridhika na kupishana barabarani; akawaleta Paro wa Aishwarya Rai na Chandramukhi pamoja, wakacheza "Dola Re Dola" bega kwa bega, kwa mpangilio wa Saroj Khan. Wanawake wawili katikati ya fremu, sari zinafanana, hatua zinafanana. Tuzo za 2003 zilipotoka: Aishwarya mwigizaji bora, Madhuri mwigizaji msaidizi bora. Madhuri akapokea, na hakuna aliyeshangaa. Lakini yeye alikuwa na tuzo nne za mwigizaji bora kabatini, kuanzia Dil hadi Dil To Pagal Hai, akiwa ameolewa na akiishi Marekani. Jina la msaidizi lingemfanya nini? Wanaomlinganisha na Vyjayanthimala ili kuonesha nani mnyenyekevu wanasahau kutazama kabati.

Mwaka 2009 Anurag Kashyap akaigeuza hadithi yote kichwa chini miguu juu katika Dev.D, na Chandramukhi wake, Chanda wa Kalki Koechlin, akapewa hadithi yake kamili kabla hajakutana na Dev. Ndani ya picha hiyo mwanamume hafi mlangoni kwa Paro. Anaondoka na Chanda. Filmfare ya 2010 ikampa Mahie Gill, aliyeigiza Paro, tuzo ya wahakiki ya mwigizaji bora wa kike. Kalki akapewa ya mwigizaji msaidizi.

Ukifungua orodha ya washindi wa kipengele hicho leo, mwaka 1957 bado umeandikwa jina la Vyjayanthimala.